Kwanza Nionyesheni Nukta

Siku hizi mtu akinionyesha ramani ya rangi rangi kwenye simu, iwe ya mvua, ya ugonjwa au ya bei za kahawa, swali langu ni lile lile: nukta ziko wapi? Wajukuu wamelizoea hadi wananicheka nalo. Juzi mmoja aliniwekea sahani ya ndizi na maharage, akasimama pembeni na kuuliza, "Bibi, na hapa nukta ziko wapi?" Nikamwonyesha maharage.

Ninyi mnaoanza kazi ya kuchora takwimu kwa kompyuta mmeniomba niwaandikie nilivyojifunza. Nitawaandikia, ila msitegemee mpangilio, kwa sababu nami sikujifunza kwa mpangilio. Niliingia ofisi yetu ya utafiti wa kilimo hapa Bukoba nikiwa mchora ramani wa mkono, na kalamu ya wino na karatasi nyepesi ya kunakilia. Kompyuta zilipofika, wengi tulidhani ni mashine za kuchapia barua. Mara ya kwanza nilishika mausi kama mtu aliyeshika kifaranga, nikiogopa nisikiumize.

Baadaye nilikuja kuipenda kazi hiyo kupita kiasi. Na mengi niliyoyaokota humo, moja hapa moja pale, yalikuja kukutana siku moja tu: siku ambayo migomba ya kitongoji kizima huko Muleba, pamoja na ya dada yangu Paskazia, ilikuwa ikatwe yote kwa sababu ya rangi iliyokuwa ukutani. Siku hiyo nitaifikia. Mtanivumilia kwanza nipite kwa walionifundisha.

Mwalimu wangu alikuwa Bwana Mutalemwa, mtaalamu wa takwimu, Mluteri mmoja mtaratibu ambaye hakuwahi kugusa mausi yangu hata mara moja. Alikuwa akisimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni. Nikikwama nilimwomba, "Mzee, nibofyie basi hapa." Naye alijibu, "Nikikubofyia utajifunza kidole changu."

Kabla ya kuwasha kompyuta alinitaka nichukue penseli na karatasi ya miraba nichore kile ninachotarajia kukiona. Mvua ya Bukoba mwezi wa Aprili itakuwa juu au chini? Julai je? Nilichora mlima na bonde kwa kubahatisha. Ndipo tukaiachia kompyuta ichore ya kwake, tukaziweka sambamba. "Zikifanana," alisema, "umeelewa kitu. Zisipofanana, ama umejifunza kitu, ama kuna aliyekosea kuandika. Yote matatu ni faida."

Wiki hiyo hiyo tulipata faida ya tatu. Kwenye grafu ya mvua ya kituo kimoja palitokea mstari uliopanda hadi ukatoka nje ya karatasi. Kwa namba zile, siku hiyo Muleba yote ingekuwa sehemu ya ziwa. Kumbe aliyeingiza takwimu aliruka nukta ya desimali. Namba hiyo ilikuwa imekaa kwenye jedwali tangu zamani, tumeipita sote, tumeijumlisha, tumeigawa, na hakuna aliyestuka. Hapo nilielewa kwa nini tunachora. Jicho huukuta mti mmoja mrefu msituni bila kuutafuta. Namba moja ndefu katikati ya namba nyingine haliioni.

Msije mkadhani tulikuwa watu wa busara tu. Kulikuwa na kipindi programu zetu zilianza kutoa chati za nguzo zinazosimama kama maghorofa, zenye kina na kivuli. Ofisi nzima ilishikwa na wazimu. Hakuna aliyekubali chati ya kulala tena. Siku ya kuonyesha mavuno ya kahawa ya wilaya zote, mgeni mmoja aliangalia ukutani kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole, "Na Ngara iko wapi?"

Ngara ilikuwa nyuma ya ghorofa la Karagwe. Mwenzangu Novatus, ambaye hakukosa neno maishani mwake, akajibu, "Iko pale pale, mheshimiwa, ila ukitaka kuiona inabidi uzunguke nyuma ya ukuta."

Tangu hapo nikijenga ghorofa kwenye chati, Novatus alikuwa anapita na kugonga kioo: "Hodi, kuna watu huko nyuma?" Nikaacha. Nguzo bapa, zimepangwa kuanzia ndefu hadi fupi, zinatosha kwa kazi nyingi mtakazofanya. Kama kitu kina pande tatu kweli, kwa mfano kina cha ziwa au mteremko wa kilima, hapo mna haki ya kukisimamisha. Na mkikisimamisha, kigeuzeni mkitazame kutoka kila upande kabla ya kumwonyesha mtu.

Somo la rangi nililipata Kashai, kwenye duka la steshenari tulikokuwa tukitoa kopi. Nilikuwa nimetengeneza ramani nzuri sana ya wadudu wa kahawa: bluu mahali salama, kijani, njano, hadi nyekundu kwenye hatari. Tukatoa kopi za maofisa ugani. Mashine ya pale haikuwa na rangi. Bluu ilitoka kijivu cheusi, nyekundu ikatoka kijivu karibu na hicho hicho, na njano ikatoka nyeupe kama karatasi. Ofisa mmoja alinipigia simu kutoka kijijini. "Mama Koku, hapa kwangu hatari na salama wamevaa sare. Niende wapi?"

Kuanzia siku hiyo nachagua rangi inayokwenda kwa ngazi moja, kutoka hafifu hadi iliyokolea. Niliyoipenda zaidi ilianzia njano ya maziwa, ikapita kwenye chungwa, ikaishia damu ya mzee. Ukiitoa kopi bila rangi, ngazi inabaki ngazi: kilichokolea kinabaki kimekolea. Na wapo watu, wengi kuliko mnavyodhani, ambao macho yao hayatenganishi kijani na nyekundu. Mara nyingi hawatawaambia. Watatikisa kichwa tu, mkafikiri wamekubaliana nanyi.

Jambo la mwisho la Bwana Mutalemwa kabla hajastaafu lilihusu senene. Mnajua msimu wao ukifika watu huwasha taa kubwa na kusimamisha mabati, senene wakafuata mwanga. Aliniuliza, "Ukizunguka kuhesabu senene kwa kupita kwenye taa tu, mwisho utakuwa umechora ramani ya nini?"

"Ya taa," nikasema.

"Basi. Wapimaji wetu nao wanapita barabarani. Kila ukichora, zima mapambo yote, ubaki na nukta. Tazama walikofika. Kisha tazama wasikofika."

Nilifanya hivyo kila mara, kwanza kwa kumheshimu, baadaye kwa mazoea. Na mazoea ndiyo yaliyonisaidia ule mwaka wa mnyauko.

Kwa mliokulia mjini, mnyauko ni ugonjwa wa migomba. Majani yanalegea kama mwavuli uliovunjika, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata shina unaona uteute wa njano unatoka. Dawa ya kupulizia hakuna. Unakata mgonjwa. Mpango uliokuwa ukijadiliwa kwetu ulikuwa mkali zaidi: kitongoji kitakachoonekana kimezidiwa, migomba yote ing'olewe, mizima na migonjwa, ardhi ipumzike.

Hapo lazima mwelewe kibanja ni nini. Si shamba la kwenda asubuhi na kurudi jioni. Nyumba imo ndani ya migomba, kahawa imo chini ya migomba, waliotutangulia wamelazwa humo humo. Nje ya kibanja ni rweya, nyasi tupu, halafu kilima kingine na vibanja vingine. Ukimkatia mtu migomba yote umemwacha amesimama uchi, na chakula chake cha kesho kimelala chini.

Dada yangu Paskazia aliolewa kwenye kitongoji kimoja ng'ambo ya bonde ukitoka Rubya. Kushoto kwake kulikuwa na kitongoji kilichojulikana ni kigonjwa, kulia kwake kingine. Takwimu zililetwa, nikazichora, na kama ofisi ilivyoagiza, nikaiambia programu ijaze rangi eneo lote ili wakubwa waone picha kwa mara moja. Kwa haraka ramani ikachapwa kabla sijazima rangi, ikapelekwa kwa mratibu wa mpango, Bwana Kaijage. Kikao kikapangwa.

Asubuhi ya kikao, nikiwa naandaa projekta, nilizima rangi kama nilivyozoea. Nikaangalia nukta. Kushoto zilijaa. Kulia zilijaa. Katikati, pale kwa Paskazia, palikuwa peupe kabisa. Nilidhani nimebofya vibaya, nikawasha na kuzima tena. Hakuna. Nikamuuliza Novatus, ambaye ndiye aliyewaongoza wapimaji.

"Pale?" akasema. "Kijito kilichukua daraja. Tulipima upande huu, tukazunguka kwa gari, tukapima upande ule. Niliandika kwenye taarifa."

Kweli aliandika. Ila taarifa inasomwa na wachache, ramani inasomwa na wote. Na programu ya kujaza rangi haina aibu. Ukiipa nukta mbili zilizokolea na nafasi katikati, itajaza nafasi hiyo kwa rangi iliyokolea. Haijui bonde, haijui rweya, haijui kwamba hapo hapajafikiwa na mtu. Inafanya ulichoiomba.

Nikabaki nimesimama na waya wa projekta mkononi. Nikinyamaza, migomba ya dada inakatwa kwa kitu ambacho hakuna aliyekiona. Nikisema, watasema damu nzito, anamtetea ndugu yake. Na ofisi nzima ilijua Paskazia yuko wapi, maana ndizi zake walikuwa wakizila.

Bwana Kaijage aliingia akiwa na haraka. Akaitazama ramani ukutani, damu ya mzee kutoka kilima hadi kilima.

"Picha imejieleza," alisema. "Vitongoji hivi vitatu ni kitu kimoja. Tukate, tupande upya, tumalize."

"Mratibu, samahani," nikasema. "Kabla hatujaendelea, kikao kijue kwamba hapo katikati ameolewa dada yangu."

Watu wakacheka. Sauti ikatoka nyuma: "Basi leo ramani itakuwa na shemeji."

"Hata shemeji anapimwa," nikamjibu. "Tatizo ni kwamba huyu hakupimwa."

Bwana Kaijage hakucheka. "Mama Koku, unataka nini?"

"Nataka kuzima rangi."

"Zima."

Nikabofya. Ukuta ukawa mweupe, zikabaki nukta, rundo upande huu na rundo upande ule. Yeye mwenyewe akainuka, akaenda hadi ukutani, akaweka kiganja mahali patupu.

"Nukta za hapa ziko wapi?"

"Hazipo. Daraja lilichukuliwa na maji, wapimaji hawakuvuka."

"Na ile rangi yote ilitoka wapi?"

"Kompyuta iliazima kwa majirani."

"Iliazima."

"Tuliiambia ijaze, ikajaza."

Akageuka kunitazama. "Na inawezekana ikawa kweli? Kwamba migomba ya huko ni migonjwa vile vile?"

"Inawezekana kabisa. Inaweza kuwa migonjwa kuliko ya majirani. Mimi sijui, mratibu. Ila ramani ile ilikuwa inasema tunajua."

Nilimwogopa, nakiri, lakini alikuwa mtu wa haki. Akamwambia Novatus, "Chukua pikipiki, zunguka kwa juu, pima kibanja hadi kibanja. Kikao hiki kitasubiri." Kisha kwangu: "Wewe huendi."

"Sikuomba kwenda."

"Na simu kwa dada?"

"Sitapiga."

Nilipokuwa nasubiri nilifanya kazi moja ambayo ninyi muifanye tangu siku ya kwanza: niliipa rangi hali ya kutojua. Sikupaacha mahali pale peupe, maana mtu akiona peupe husoma kwamba hakuna ugonjwa. Nikapaka kijivu chenye mistari ya mshazari, na pembeni nikaandika kwa herufi kubwa: HAPAJAPIMWA. Rangi hiyo isikosekane kwenye kazi yenu yoyote.

Novatus alikuwa anaingiza vipimo kwenye simu, lakini mtandao wa kule ulipatikana juu tu, karibu na kigango, kanisa dogo la kule. Kwa hiyo takwimu hazikuja moja moja. Zilikuja kwa makundi, kila alipopanda kilima. Niliketi mbele ya skrini, chai imepoa pembeni, nikitazama ile mistari ya kijivu.

Kundi la kwanza likatokea kando ya kigango. Nukta zote njano ya maziwa. Sikuthubutu kufurahi, ule ulikuwa upande wa juu, mbali na kijito. Kundi la pili likashuka mteremko. Hafifu, hafifu, hafifu. Mwenzangu wa meza ya jirani akasema, "Mama Koku, pumua." Sikujua kama nilikuwa nimeacha.

La tatu likaja. Katikati ya nukta hafifu palikuwa na moja imekolea, karibu kabisa na kijito, na nyingine mbili za chungwa kando yake. Nikakuza picha. Ile kona ya njia niliijua. Nimeipita nikiwa na ndoo, nimeipita nikiwa na mtoto mgongoni. Ile nukta ilikuwa kwa Paskazia.

Mtashangaa nikiwaambia kwamba nilishusha pumzi ndefu kuliko zote nilizowahi kushusha ofisini. Kitongoji kilikuwa kizima. Kilikuwa na ugonjwa kwenye kona moja, na kona hukatwa, watu wakabaki na chakula chao. Kama kulikuwa na huzuni ndani yake, ilikuwa huzuni ya saizi inayobebeka.

Bwana Kaijage alipoiona ramani mpya aliuliza swali zuri kuliko langu lolote: kwa nini pale tu? Nikaweka njia za miguu juu ya nukta, na jibu likajichora. Kutoka kitongoji kigonjwa cha kushoto kulikuwa na njia inayovuka kijito, ambayo watu hubebea ndizi za kutengenezea rubisi, pombe yetu ya ndizi. Panga hutembea na ndizi, anayekata huku huenda kukata kule. Nukta zote zilizokolea, za vitongoji vyote vitatu, zilikuwa zimejipanga kwenye njia za namna hiyo. Ugonjwa haukuwa umeenea kama mafuta kwenye nguo, jinsi rangi yetu ilivyoonyesha. Ulikuwa umetembea kwa njia, kama mtu. Uamuzi ukabadilika hata kwa wale majirani wawili: kukata mashina yaliyougua, kupitisha mapanga motoni yasibebe ugonjwa, na kulinda njia. Kwa hiyo, vijana, kabla ya kuchagua aina ya picha, ulizeni kitu chenyewe kinatembeaje. Mvua inaenea, mnaweza kuijaza rangi kwa uangalifu. Mnyauko unasafiri. Kila kimoja kina mchoro wake.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilikwenda kwa Paskazia nikiwa na ramani iliyokunjwa kwenye mkoba. Daraja lilikuwa bado, nikavushwa kijito nimeshika viatu mkononi. Nilimkuta uani amewasha moto, panga limo ndani ya makaa.

"Karibu, mchora ramani," alisema. "Kaa huko mbali kwanza, usije ukakanyaga ugonjwa wangu ukaupeleka Bukoba."

"Waitu, dada," nikamwita kwa upole wa Kihaya. "Umeambiwa?"

"Nimeambiwa. Tena nimeambiwa kwamba ulikuwa na njia ya kunipaka rangi nzuri." Akalitoa panga motoni, akaligeuza upande wa pili. "Ungeshindwa nini? Nukta moja tu."

"Ungebaki na ugonjwa, na majirani wangeupata."

"Najua. Nataka kusikia ukisema." Akacheka. "Hebu nione hiyo karatasi."

Nikaikunjua juu ya jamvi. Aliinama, kidole kikatembea kutoka kwenye kigango kushuka mteremko, akitaja nyumba moja baada ya nyingine bila mimi kumsaidia. Kwa kila jina aliguna kidogo, kama mtu anayekuta watoto wote wamelala salama. Akafika kijitoni. Kidole kikasimama.

"Huyu ni mimi."

"Ni wewe."

"Mweusi hivi."

"Damu ya mzee."

Akaigonga nukta kwa ukucha. "Sawa. Hii ni yangu. Ni ile kona ya ndizi za rubisi, tangu zamani namwambia shemeji yako haileti amani humu ndani. Najua inaanzia wapi na inaishia wapi, nitaikata. Ile mliyonipaka mwanzo ilikuwa ya kuazima. Ningeanzia kukata wapi?"

Nikavua viatu tena, nikafunga kanga kiunoni. Alinipa panga la pili baada ya kulipitisha motoni. Tulikata shina moja moja, chini usawa wa ardhi, tukaacha lilale pale pale, tukarudi motoni, tukaenda kwenye lingine. Mashina yalianguka bila kelele nyingi, kama nguo mbichi. Kwa miaka yote niliyoijua nyumba ile sikuwahi kuona kitu ng'ambo ya kona hiyo, migomba ilikuwa imefunga. Shina la mwisho lilipolala, mwanga ukaingia hadi kwenye kizingiti cha mlango, na tukaona kibanja cha jirani, kile chenye nukta hafifu, kimesimama chote.

Paskazia akaweka kiganja juu ya macho, akaita, "Mama Asteria! Kumbe mko karibu hivi?"

Sauti ikajibu kutoka kwenye kijani: "Tupo, tumejaa tele. Njooni mle."